Elimu ya wote isigeuzwe siri ya wachache

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha, mwezi Juni 2024, azimio la kuutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, nchi iliyoliwasilisha rasmi azimio hilo haikuwa mojawapo ya mataifa makubwa yenye maabara za mabilioni ya fedha. Ilikuwa Ghana. Jambo hilo lilistahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko lilivyoangaliwa.

Yawezekana mtu akauliza Afrika inatafuta nini katika elimu ya chembe zisizoonekana hata kwa darubini, hali madawati na visima vya maji bado havijatosha. Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno ya kujitukuza. Jibu lake ni kwamba elimu hiyo imekwisha kuingia katika kila ofisi ya serikali na kila shule yenye kompyuta, wawe wanaozitumia wanajua au hawajui. Kwa hiyo jambo linaloamuliwa katika miaka hii si kama elimu ya kwantamu itatumika au haitatumika. Linaloamuliwa ni nani atakuwa na haki ya kuitumia, na nani ataachiwa kununua kwa bei ya mwenye duka.

Elimu hiyo haikuanza kama biashara. Mwezi Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck alieleza kwamba kitu chenye joto hakitoi nishati kwa mfululizo kama maji ya bomba, bali huitoa kwa vipimo kamili, kama vile malipo yasivyoweza kupungua chini ya senti moja. Kipimo hicho kidogo ndicho kilichopewa jina la kwantamu. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwamba mwanga wenyewe husafiri kwa vipimo vya namna hiyo. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark akaitumia fikra hiyo kueleza umbo la atomu, na baina ya mwaka 1925 na 1926 Werner Heisenberg na Erwin Schrödinger wakaikamilishia hisabati yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akitafuta bidhaa ya kuuza. Hata hivyo, mwaka 1947 transista ilizaliwa kutokana na elimu hiyo katika maabara ya Bell nchini Marekani, na mwaka 1960 leza ikafuata. Bila transista hakuna redio ya mkononi, hakuna simu, wala hakuna kompyuta ya kuandalia mishahara ya watumishi. Bila leza hakuna mwanga unaobeba mazungumzo na barua ndani ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano.

Walimu wana sababu ya pekee ya kuikumbuka historia hiyo. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dhaka, katika Bengal iliyokuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Hakuwa na shahada ya udaktari. Hakuridhika na namna kanuni ya Planck ilivyokuwa ikithibitishwa, akatafuta njia yake mwenyewe, na kuandika makala fupi ambamo chembe za mwanga zilihesabiwa kana kwamba hazina tofauti yoyote baina yao. Akaipeleka makala hiyo kwa Einstein, ambaye aliitafsiri kwa Kijerumani kwa mkono wake na kuhakikisha inachapishwa. Leo mojawapo ya aina mbili kuu za chembe za ulimwengu huitwa bosoni, kwa jina la mwalimu huyo. Alichokuwa nacho Bose ni karatasi, kalamu na tabia ya kukataa maelezo yasiyojitosheleza. Vitu hivyo havihitaji kibali cha kuingizwa nchini.

Baada ya vita ya pili ya dunia, elimu ya chembe ilikuwa imechafuliwa na bomu la atomu, na nchi nyingi zilikwisha kuanza kuifungia katika kambi za kijeshi. Hapo ndipo mataifa 12 ya Ulaya, ambayo baadhi yake yalikuwa yameuana miaka tisa tu nyuma, yalipounda mwaka 1954 shirika la utafiti liitwalo CERN, karibu na mji wa Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Mkataba wa shirika hilo uliweka masharti mawili yanayostahili kusomwa na kila mtumishi wa umma: kwamba shirika halitajihusisha na mahitaji ya kijeshi, na kwamba matokeo ya kazi yake yatachapishwa au kutolewa kwa wote kwa njia nyingine. Kufikia mwaka 2025 nchi wanachama zilikuwa 25.

Matunda ya masharti hayo yanajulikana. Chini ya ardhi, katika kina cha kama mita 100, shirika hilo lilijenga mtambo wa mviringo wenye urefu wa kilometa 27, ujulikanao kwa herufi LHC, ambamo protoni huongezewa mwendo hadi kukaribia kasi ya mwanga, kisha hugonganishwa. Tarehe 4 Julai, 2012 ilitangazwa kwamba katika mabaki ya migongano hiyo imeonekana chembe mpya, iliyotabiriwa tangu mwaka 1964, ambayo husaidia kueleza jinsi chembe za msingi zinavyopata uzito wake. Chembe hiyo huitwa bosoni ya Higgs. Neno la kwanza la jina hilo ni la mwalimu wa Dhaka.

Wapo watakaosema kwamba uzito wa chembe haumshibishi mtu. Wasemao hivyo wasisahau kilichotokea tarehe 30 Aprili, 1993. Miaka minne kabla ya hapo, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, alikuwa amependekeza namna ya kuwaunganisha wanasayansi waliotawanyika duniani ili wasome nyaraka za wenzao kwa kompyuta. Ndiyo namna iliyokuja kuitwa wavuti. Siku hiyo ya Aprili shirika lilitoa hati fupi iliyotangaza kwamba programu za wavuti zimekuwa mali ya umma, na kwamba mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha bila malipo. Kama zingefungiwa kwa hati ya kumiliki, kila wizara na kila shule duniani ingekuwa ikilipa kodi kwa ajili ya kufungua ukurasa mmoja. Aidha, mitambo mingi ya hospitali inayotibu saratani kwa mionzi, ikiwemo ya Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, huongeza mwendo wa elektroni kwa kanuni za jamii ile ile inayotumika katika mitambo ya wachunguzi wa chembe.

Hivi sasa elimu ya kwantamu imefika katika hatua nyingine, nayo ni ya kompyuta. Mwaka 1981 Richard Feynman alisema kwamba maumbile yenyewe hufuata sheria za kwantamu, na kwamba anayetaka kuyaiga kikamilifu kwa kompyuta hana budi kujenga kompyuta inayofuata sheria hizo hizo. Kompyuta ya kawaida huhesabu kwa biti, ambayo kila moja ama ni sifuri ama ni moja. Kompyuta ya kwantamu huhesabu kwa kyubiti, ambayo kabla ya kupimwa huweza kuwa mchanganyiko wa hali hizo mbili.

Hapa ni lazima kusahihisha kosa linaloenea sana. Si kweli kwamba kompyuta hiyo hujaribu majibu yote kwa mpigo mmoja na kuchagua lililo sahihi. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni wa mawimbi ya bahari. Kilele cha wimbi kikikutana na kilele kingine, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Ufundi wa kompyuta ya kwantamu ni kuyapanga mawimbi ya hesabu ili njia ziendazo kwenye majibu ya makosa zifutane zenyewe, na zile ziendazo kwenye jibu la haki zipeane nguvu. Kwa kazi nyingi ufundi huo hausaidii lolote, na kompyuta hiyo haiwezi kuishinda ile iliyoko mezani. Kwa kazi chache, ikiwemo kukadiria tabia za molekuli za dawa na za mbolea, unatarajiwa kuleta msaada mkubwa. Na kwa kazi moja unaleta hofu.

Kazi hiyo ni ya kufumbua maandishi ya siri. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuzidisha 53 kwa 61 na kupata 3,233 kwa muda wa dakika moja. Lakini akipewa 3,233 peke yake na kuambiwa atafute namba tasa mbili zilizozidishwa, atahangaika. Juu ya tofauti hiyo ndogo, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga mwaka 1977 njia ya kufumba ujumbe kwa namba ambazo siku hizi huwa na tarakimu zaidi ya 600. Njia hiyo na nyingine za jamii yake ndizo zinazolinda malipo ya benki, saini za kielektroniki na barua za serikali. Kompyuta ya kawaida isingeweza kuvipata vigawo vya namba kama hizo hata ikipewa karne nyingi. Mwaka 1994 Peter Shor alithibitisha kwa hisabati kwamba kompyuta ya kwantamu, ikijengwa kubwa ya kutosha, itavipata kwa muda mfupi.

Mashine ya ukubwa huo bado haijajengwa. Mwaka 2001 wataalamu wa IBM walitumia njia ya Shor kuvipata vigawo vya 15, yaani 3 na 5, kazi ambayo mtoto wa shule huifanya kwa vidole. Kyubiti ni dhaifu mno. Katika aina moja ya mashine hizo hulazimika kuwekwa katika baridi kali kuliko ya anga za mbali, na hata hivyo hukosea kila mara. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza kwamba, kwa kutumia kidude chenye kyubiti 105, imeweza kupunguza makosa kwa kadiri ilivyoongeza idadi ya kyubiti, ambapo kabla ya hapo kuongeza idadi kulikuwa ni kuongeza makosa. Makadirio nayo yanashuka. Mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba kuvunja fumbo la kawaida la njia ya Rivest na wenzake kungehitaji kyubiti zenye kasoro milioni 20. Mwaka 2025 hesabu mpya ilionyesha kwamba zisizofika milioni moja zingetosha. Safari iliyobaki ni ndefu, ila inafupishwa kutoka pande mbili.

Mtumishi anayefikiri kwamba jambo hili litangoja hadi mashine ijengwe atakuwa amekosea hesabu. Anayenasa barua iliyofumbwa leo hahitaji kuisoma leo. Aiweke tu, mpaka chombo cha kuifungulia kitakapopatikana. Zipo siri zinazokwisha thamani baada ya wiki moja, na zipo zinazotakiwa kukaa miaka 30 au 50: majalada ya wagonjwa, kumbukumbu za uzazi na utambulisho, mashauri ya mipaka na mikataba, taarifa za ulinzi. Ikiwa jalada linatakiwa kuwa siri kwa miaka 30, na kubadili mifumo yote ya ofisi kunachukua miaka 10, basi swali la mashine hiyo itajengwa lini si la wajukuu. Ni la waliomo ofisini hivi sasa.

Habari njema ni kwamba kinga haihitaji mashine ya kwantamu. Mwezi Agosti 2024, baada ya miaka minane ya mashindano ya wazi yaliyowashirikisha wataalamu wa mataifa mengi, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha kanuni tatu mpya za kufumba ujumbe na kuthibitisha saini, zilizojengwa juu ya hisabati ambayo njia ya Shor haiiwezi. Kanuni hizo zinasomwa bure na zinafanya kazi katika kompyuta za kawaida. Rasimu ya ratiba iliyotolewa na taasisi hiyo mwezi Novemba mwaka huo huo ililenga kwamba njia za zamani ziachwe kabisa ifikapo mwaka 2035.

Kwa hiyo wajibu wa wakuu wa idara unaeleweka. Kwanza, kila wizara na kila shirika la umma halina budi kujua ni mifumo ipi inayotunza siri za muda mrefu, na inazifumba kwa njia gani. Ofisi isiyojua ina kufuli la aina gani mlangoni haiwezi kulibadilisha. Pili, mikataba mipya ya kununua kompyuta na programu iwe na sharti kwamba muuzaji atahamia kwenye kanuni mpya, na kwa gharama zilizokubaliwa mapema. Tatu, wanunuzi wa serikali wawe macho. Pakiwa na hofu mpya hapakosi wachuuzi wapya, na watakuja wenye mikoba wakiuza visanduku vilivyoandikwa "kwantamu" kwa bei ya kutisha. Mtumishi aliyesoma hatauziwa kwa fedha nyingi kile kinachotolewa bure.

Hayo ni ya kujikinga. Lililo kubwa zaidi ni la haki. Zawadi ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2025 walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyoyafanya mwaka 1984 na 1985 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambacho ni chuo cha umma. Majaribio hayo yalionyesha kwamba hata saketi ya umeme inayoshikika mkononi huweza kufuata sheria za kwantamu. Juu ya msingi huo wa umma zimejengwa mashine za kampuni kubwa za leo, na Martinis mwenyewe baadaye aliiongoza timu ya Google. Si dhambi kwa kampuni kupata faida ya jasho lake. Lakini mwaka 2024 Uingereza, Ufaransa, Canada na Marekani, miongoni mwa nchi nyingine, ziliweka masharti ya vibali kwa kuuza nje kompyuta za kwantamu zinazopita kiwango fulani cha uwezo. Hata CERN, iliyozaliwa ili kuwa nyumba ya wote, ilikatisha mwaka huo ushirikiano wake na Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine. Kila nchi ina sababu zake, na nyingine ni nzito. Jumla yake ni kwamba elimu iliyokuzwa na mwalimu wa Dhaka, Mjerumani, Mdenmark na Mmarekani kwa kusomana makala inaanza kuzungukwa na ukuta.

Itasemwa kwamba milango bado i wazi. Ni kweli, na ni haki kusema hivyo. Tangu mwaka 2016 IBM imewaruhusu watu wa nchi mbalimbali kujaribu kompyuta zake ndogo za kwantamu kwa njia ya intaneti, na tangu mwaka 2014 CERN imekuwa ikitoa hadharani kumbukumbu za migongano ya LHC ili yeyote azichambue. Lakini kuna tofauti baina ya fursa hizo mbili. CERN hutoa kwa sababu mkataba wake unaamuru. Kampuni hutoa kwa sababu imependa, nayo inaweza kuacha kupenda. Mlango wa hisani hufungwa na aliyeufungua, bila kumwuliza mgeni.

Nchi changa haziwezi kuuvunja ukuta huo kwa malalamiko, ila zinaweza kuhakikisha kwamba haziko nje kwa sababu ya ujinga. Mfano upo. Abdus Salam wa Pakistan alirudi nyumbani kufundisha Lahore mwaka 1951, akajikuta hana wenzake wa kuzungumza nao fizikia, na mwaka 1954 ikambidi kurejea Uingereza. Hakutaka wengine walazimike kuchagua kati ya nchi yao na elimu yao. Mwaka 1964 akaanzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia ambako wanasayansi wa nchi maskini huenda kusoma na kurudi kwao. Mwaka 1979 alipata Zawadi ya Nobel. Mwaka 2018 kituo hicho kilipata tawi la Afrika Mashariki mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kigali si mbali. Vyuo vikuu vya kanda hii vina njia ya kupeleka vijana wake bila kuwapoteza ng'ambo.

Hata hivyo, vijana hao hutoka katika madarasa ya sekondari, na hapo ndipo mwalimu anaposhika nafasi ambayo hakuna wizara inayoweza kuishika kwa niaba yake. Mada za atomu, mionzi na elektroniki zimo katika masomo ya fizikia. Zikifundishwa kama orodha ya fomula za kukariri, zitafutika siku ya kutoka chumba cha mtihani. Zikifundishwa kama maswali ambayo watu wa kweli walihangaika nayo, zitawaachia baadhi ya wanafunzi ile tabia ya Bose ya kutoridhika. Mwalimu anayeweza kuyaeleza mawimbi yanayofutana kwa mfano wa bahari au ziwa, na kufumba siri kwa mfano wa namba tasa, amekwisha kuanza kufundisha kompyuta ya kwantamu kwa chaki.

Ni wajibu pia kuyaeleza hayo kwa Kiswahili. Neno lisilotafsirika humfanya msomaji aamini kwamba jambo lenyewe ni la wengine. Wanafizikia na wanaisimu wakutane wakubaliane juu ya istilahi za elimu hii, ama kwa kubuni ama kwa kukopa, mradi maneno yatumike vitabuni na yasiishie katika makabrasha ya semina. Lugha iliyoweza kubeba sheria, uchumi na siasa haiwezi kushindwa kuubeba wimbi na kipimo cha nishati.

Ghana ilipopeleka lile azimio, haikuomba kupewa mashine. Iliuomba ulimwengu ukubali kwamba elimu hii ni jambo la mataifa yote. Ulimwengu ulikubali kwa maandishi. Kuyageuza maandishi hayo kuwa haki kunategemea kama ofisini kutakuwa na watumishi wanaoulizia njia za kufumba majalada waliyokabidhiwa, na kama darasani kutakuwa na walimu wanaokubali kuulizwa maswali magumu. Kazi zote mbili zinaweza kuanzwa bila kusubiri bajeti ya maabara.